King'amuzi cha Linux Mwanza: anza na dishi, soma logi, kufleshi kuwe mwisho

Ving'amuzi vya Linux, yaani Dreambox, Vu+, Zgemma, Octagon na ndugu zao wanaotumia Enigma2 (programu inayoendesha king'amuzi), vina sifa mbaya mitaani kwamba "vinasumbua". Ukweli ni kwamba vinasema wazi kinachovisumbua kuliko king'amuzi chochote cha kawaida, ila wengi hawavisikilizi. Picha ikikatika tu, mtu anapakua imeji mpya, yaani mfumo mzima wa king'amuzi, na kufleshi, yaani kuuandika upya juu ya wa zamani. Anapoteza orodha ya chaneli na bando lake, kisha tatizo linarudi kwa sababu lilikuwa kwenye koneka juu ya bati.

Mwongozo huu unahusu chaneli za bure. Chaneli za kulipia zinahitaji kadi na kifaa cha kampuni husika, na Linux haibadilishi hilo.

Dishi kwa mtu aliyeko Mwanza

Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta na nyuzi 32.9 mashariki. Ukiwa karibu hivyo na ikweta, satelaiti zote zimejipanga kwenye mstari unaopita karibu na utosi, kutoka mashariki kwenda magharibi. Hesabu za satelaiti tatu zinazotafutwa sana huku ni hizi:

- Nyuzi 7 mashariki (Eutelsat): dira 275, yaani magharibi kabisa na kaskazini kidogo, mwinuko karibu 59.5.
- Nyuzi 36 mashariki (Eutelsat): dira 51, mwinuko karibu 85.
- Nyuzi 68.5 mashariki (Intelsat 20): dira 86, mwinuko karibu 48.5.

Ukiwa Sengerema, Magu au Nansio namba hizi hubadilika kwa chini ya nyuzi moja hivi, isipokuwa dira ya 36. Hiyo iko karibu na utosi, kwa hiyo hata mwendo mfupi wa gari huisogeza. Usihangaike nayo: kwa mwinuko wa 85, ukikosea dira kwa nyuzi 10, angani umekosea kwa chini ya nyuzi moja. Kinachoua mawimbi pale ni mwinuko wenyewe. Angalia kabla ya kununua kwamba bano la dishi linafika huko, maana mengine huishia chini ya hapo.

Dishi la kawaida la masafa ya Ku, lile ambalo mkono wa LNB (kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) unatokea chini, hudanganya macho. Uso wake ukisimama wima kabisa, tayari linatazama angani kwa nyuzi kama 22 hadi 25, kutegemea muundo. Kwa hiyo kwa satelaiti ya 7, uso wa dishi unaegemea nyuma kwa nyuzi kama 35 tu, na kwa ya 36 kama 60. Fuata mizani iliyochorwa kwenye bano. Ukiweka simu yenye programu ya kupima mwinamo juu ya uso wa dishi, kumbuka kujumlisha hizo nyuzi za muundo.

Sasa jambo linalowashinda hata mafundi waliojifunza kutoka video za Ulaya: kuzungusha LNB. Ulaya LNB hugeuzwa kidogo tu. Mwanza, kwa satelaiti iliyo mbali upande wa mashariki au magharibi, LNB inapaswa kugeuzwa karibu robo duara nzima: kama nyuzi 84 kwa ya 7 na 86 kwa ya 68.5. Kwa ya 36 ni kama 51. Dalili ya kuiacha wima ni ya ajabu. Unapata mawimbi, lakini chaneli za wima (mawimbi hurushwa yakiwa wima au mlalo) zinatokea ukiandika mlalo, na za mlalo ukiandika wima. Watu huishi hivyo miaka, wakidhani orodha ya masafa ina makosa. Legeza bano la LNB, fungua kipimo cha mawimbi kwenye king'amuzi, zungusha taratibu huku mwenzako akisoma namba ya SNR (ubora wa mawimbi dhidi ya kelele), kaza inapofika juu kabisa. Usiangalie AGC, hiyo inaonyesha nguvu ya jumla inayoingia kutoka kwenye kebo, na kelele tupu nayo ina nguvu. AGC ya juu na SNR sifuri maana yake dishi linatazama pengine.

Ukiwa Isamilo, Bugando au Igogo kwenye majabali, boliti zilizopigwa kwenye jabali ndiyo nguzo bora kuliko zote, haisogei hata kwa upepo wa ziwani. Lakini jabali hilo hilo halipitishi fimbo ya ethi. Kama huwezi kuzika fimbo ipasavyo, vuta waya wa ethi hadi kwenye ethi ya nyumba, na zoea kuchomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi wingu likianza kunguruma. Radi ya Ziwa Victoria si ya kuchezea, na haihitaji kupiga dishi lako: ikipiga jirani, umeme unaoruka kwenye kebo unatosha kuua tyuna, sehemu ya king'amuzi inayopokea mawimbi.

Kebo na koneka

Tumia RG6. Kata ganda la nje, geuza nyuzi za nje nyuma, acha waya wa katikati utokeze milimita 2 hadi 3 tu kupita ukingo wa koneka. Unyuzi mmoja mwembamba ukigusa waya wa katikati, king'amuzi huona shoti na kuzima umeme wa LNB, nawe utaona "hakuna mawimbi" kana kwamba dishi limeanguka.

Pima kwa multimita kabla ya kulaumu chochote. Chomoa ncha zote mbili. Katikati na nje visiwe na mawasiliano kabisa. Kisha unganisha katikati na nje upande wa LNB kwa kipande cha waya na upime upande wa chini: kwa mita 30 za RG6 nzuri usizidi ohm 5 hivi. Ikisoma 15 au inarukaruka, maji yameingia au kebo imeunganishwa katikati kwa kukokotwa na tepu. Funga koneka ya LNB kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na acha kebo ipinde chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee nje. Swichi ya DiSEqC (inayounganisha LNB zaidi ya moja kwenye kebo moja) isining'inie wazi; iweke nyuma ya dishi, matundu yakitazama chini.

Nyigu hupenda kifuniko cha LNB kilichopasuka. Wadudu wa ziwani, wale wanaofika jioni kama moshi na kufuata taa, huingia kwenye matundu ya hewa ya king'amuzi chenyewe, hasa Kirumba na kando ya maji. Fungua kifuniko mara moja kwa msimu, toa mizoga kwa brashi kavu. King'amuzi kinachozima baada ya saa moja ya kutazama mara nyingi kimezibwa matundu na kupata joto.

Nusu ya chaneli hazipo

Hii ndiyo kesi ya kila siku, na jibu liko kwenye volti. King'amuzi hutuma volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya mlalo. Kwa LNB ya Ku ya yunivaso (universal), hutuma pia mlio wa kHz 22 kwa masafa ya juu ya 11700 MHz. Kwa hiyo:

Za mlalo zote zikikosekana huku za wima zipo, volti 18 haifiki: kebo yenye upinzani mkubwa, swichi iliyooza, au tyuna. Unganisha LNB moja kwa moja bila swichi. Zikirudi, umeshajua.

Zikikosekana zote za masafa ya juu, mlio wa kHz 22 haufiki, au LNB si yunivaso. Yunivaso ina namba mbili za masafa ya ndani (LO), 9750 na 10600. Nyingine zina namba moja, kwa mfano 10750, na hapo lazima uchague "User defined" na kuiandika kwa mkono. C-band ni 5150. Namba hizi huwa zimeandikwa kwenye LNB yenyewe. Panda uzisome, usikisie.

Chaneli zikitokea lakini majina yamepandana kutoka satelaiti mbili, bandari za DiSEqC zimepishana. Chagua "Advanced" kwenye mipangilio ya tyuna, satelaiti moja moja, A kwa LNB ya kwanza na B kwa ya pili. Kama una swichi mbili mfululizo, washa kurudia amri, maana swichi ya pili mara nyingine huwa bado haijaamka amri ya kwanza ikipita.

Kuna kisa kinachochanganya: kipimo kinaonyesha mawimbi mazuri, lakini kutafuta kunaleta chaneli sifuri. Baadhi ya masafa yanayoonekana Afrika ni ya kulisha mitambo ya ardhini, yamefungwa kwa mfumo wa T2-MI. King'amuzi cha kawaida hakiwezi. Cha Linux kinaweza kwa programu ya astra-sm, ikiwa imeji yako inayo.

Kuhusu mvua: usiridhike na "picha ipo". Angalia SNR kwa dB siku ya anga safi. Inategemea aina ya urushaji: DVB-S2 ya 8PSK 3/4 inahitaji kama 7.9 dB ili picha isimame, QPSK 3/4 kama 4 tu, na 8PSK 5/6 zaidi ya 9. Kama unapata 9 kwenye 8PSK 3/4, una akiba ya dB moja, na wingu la kwanza la masika litaimeza. Lenga akiba ya dB 3 au zaidi. Kwa dishi la sentimita 60, kwenda 90 huongeza kama dB 3.5. Hakuna imeji wala plagini (programu ya nyongeza) inayofanya hivyo.

Kisha kuna kukatika kusikohusiana na mvua kabisa. Siku chache karibu na 21 Machi na 22 Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti na picha hupotea dakika kadhaa mchana. Mwanza, kwa satelaiti ya 36 ni karibu saa sita na nusu mchana, kwa ya 7 ni kati ya saa nane na nusu na saa tisa. Usipande juu ya bati. Itarudi yenyewe.

Umeme, kabla ya programu

Ving'amuzi vingi vidogo vya Linux hutumia adapta ya volti 12. Adapta iliyochoka husoma 12 ikiwa haina mzigo, kisha hushuka LNB na diski vikiwashwa. Dalili: king'amuzi kinafika nembo, kinazima, kinaanza upya. Kabla ya kusema flashi (kumbukumbu ya ndani) imekufa, chomoa diski ya USB, chomoa kebo ya dishi, washa tena. Kikiwaka, badilisha adapta kwa yenye ampea sawa au zaidi, volti zile zile.

Kwenye visiwa vya ziwani na kwingine wanakotumia sola, usiunganishe king'amuzi moja kwa moja kwenye betri. Betri ya volti 12 ikichajiwa hufika 14.4, na si kila kifaa kinavumilia. Weka kirekebisha volti cha kutoa 12 kamili.

Kuingia ndani

Soma anwani ya IP kwenye menyu ya taarifa za mtandao. Kwa kompyuta, au simu yenye Termux (programu ya kuandika amri), andika amri hii ya kuingia kwenye mfumo wa king'amuzi:

`ssh root@192.168.1.50`

ukiweka anwani yako. Ikikataa kwa sababu ya aina ya ufunguo, jambo la kawaida kwa imeji za zamani, ongeza `-o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa`. Ukishaingia weka neno la siri kwa `passwd`. Imeji nyingi huja bila neno la siri, na kifaa kisichofungwa kwenye hotspoti ya mtaa ni mlango wazi.

Jambo la kwanza ni `date`. Ving'amuzi vingi havina betri ya saa. Umeme ukikatika, vinaamka vikiwa miaka ya nyuma hadi vipate saa kutoka satelaiti au mtandao. Saa ikiwa mbaya, `opkg update` (amri ya kusasisha orodha ya programu) hukataa kwa kosa la cheti, na mtu anadhani seva imefungwa. Weka ukanda wa saa Africa/Dar_es_Salaam na uwashe kusawazisha saa kwa mtandao.

Jambo la pili ni `df -h`. Kama mstari wa `/` unasoma asilimia 100, umempata mwizi. Flashi ikijaa, Enigma2 haiwezi kuandika mipangilio: orodha ya chaneli inapotea, tyuna inajisahau, kila kukicha ni upya. Tafuta kinachojaza:

`du -xk / | sort -n | tail -20`

Watuhumiwa ni nembo za chaneli kwa maelfu, faili la epg.dat (ratiba ya vipindi, EPG), na logi za kuanguka kwenye /home/root/logs. Hamisha nembo na EPG kwenda USB kupitia menyu. Lakini yupo mtuhumiwa mmoja mjanja. Rekodi huandikwa /media/hdd/movie. Diski isipopachikwa, labda kwa sababu ilichelewa kuamka baada ya umeme kurudi, /media/hdd inabaki folda tupu ndani ya flashi, na rekodi ya mechi inaandikwa humo hadi flashi inajaa. Hakikisha kwa `mount | grep hdd`. Isipojibu kitu, diski haipo. Futa rekodi iliyokwama, kisha upachike diski.

Diski ya kurekodia iwe ext4. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na chaneli ya HD ya Mb 8 kwa sekunde hula kama GB 3.6 kwa saa. Mechi yenye muda wa nyongeza itavuka hapo.

Jambo la tatu ni logi. Skrini ikionyesha ujumbe wa kuanguka, au nembo ya kuzunguka isiyokwisha, nenda /home/root/logs ufungue faili jipya lenye neno crash kwenye jina. Shuka hadi neno Traceback. Mistari ya mwisho inataja faili, na likiwa chini ya Plugins/Extensions, jina la folda ndilo jina la mkosaji. Mara nyingi ni plagini ya zamani ya Python 2 iliyowekwa kwenye imeji ya Python 3, kama OpenATV kuanzia 7. Iondoe kwa `opkg remove`, au kama iliwekwa kwa kunakili, ihamishe folda yake kwenda USB. Kisha `init 4` (huzima Enigma2), subiri sekunde chache, `init 3` (huiwasha tena).

Kisipoanza na hakiachi logi, kianzishe kwa mkono ukitazama:

`init 4`
`enigma2 > /tmp/e2.log 2>&1`

Kikianguka, soma mwisho wa /tmp/e2.log kabla ya kuzima, maana /tmp hufutika.

Kanuni moja inayovunjwa kila siku: faili la /etc/enigma2/settings lisihaririwe Enigma2 ikiwa inafanya kazi. Ikizima huandika mipangilio yake iliyo kichwani juu ya yako, na kazi yako inapotea. `init 4` kwanza, hariri, ndipo `init 3`. Kwa sababu hiyo hiyo, ukibadilisha mambo mengi kwenye menyu, anzisha upya Enigma2 kutoka menyu ya kuzima mara moja. Umeme ukikatika kabla, mabadiliko mengi huwa bado hayajaandikwa.

Kifaa cha USB cha Wi-Fi (dongle) kisipotambuliwa, `lsusb` itakuonyesha namba ya utambulisho wake, na `opkg list | grep kernel-module-rt` itakupa orodha ya baadhi ya programu endeshi (driver) za chipu za Ralink na Realtek. Kuokoa bando, zima masasisho ya moja kwa moja na upakuaji wa nembo.

Kama ni lazima kufleshi

Hifadhi kwanza: menyu ya programu ina chaguo la kuhifadhi mipangilio, inayotoka kama enigma2settingsbackup.tar.gz. Nakili pia folda nzima ya /etc/enigma2 na /etc/tuxbox/satellites.xml kwenye simu au kompyuta.

Pakua imeji ya modeli yako hasa. Zgemma H9 na H9 Combo si kitu kimoja, na Vu+ Uno 4K si Uno 4K SE. Imeji isiyo yake inaweza kukiacha kifaa kikiwa jiwe. Flashi ya USB iwe FAT32, si exFAT, ya GB 16 au chini ndiyo inayosumbua kidogo. Fungua zipu, weka folda iliyomo kwenye mzizi wa flashi bila kubadilisha jina wala kuiingiza kwenye folda nyingine. Baadhi ya vifaa visivyo na kitufe mbele vina faili linaloitwa noforce ndani ya folda. Libadilishe liwe force, la sivyo kitasubiri kitufe ambacho hakipo.

Zima kwa swichi ya nyuma, chomeka, washa, usiguse. Fanya kazi hii kwenye inveta au siku ambayo umeme umetulia. Kukatika katikati ya kuandika ndiko kunakoua. Kwenye modeli za 4K zenye nafasi kadhaa za imeji, weka mpya kwenye nafasi ya pili na uache ya zamani pale ilipo.

Kikiwaka, weka ukanda wa saa, neno la siri na tyuna, kisha rudisha orodha ya chaneli peke yake kutoka nakala. Plagini zirudishe moja moja kutoka orodha ya imeji yenyewe, ukianzisha upya baada ya kila moja. Ukizirudisha zote kwa mkupuo kutoka nakala ya zamani, utakuwa umerudisha na ile iliyokufanya ufleshi.